Kubadilishana IST kwa Celica ya gia za mkono: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dar es Salaam

Mwezi Machi, siku chache kabla masika hayajashika, mpwa wangu alikabidhi Toyota IST yake ya mwaka 2004 kwa mtu aliyekutanishwa naye na dalali wa Kinondoni, akaongeza shilingi 1,500,000 juu yake, akaondoka na Toyota Celica SS-II ya mwaka 2001 yenye gia sita za mkono. Makabidhiano yalifanyika jioni kwenye kituo cha mafuta na hayakufika saa nzima. Mimi nilipata habari siku ya tatu, alipoliingiza gari gereji kwangu ili nilione. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari kwa zaidi ya miaka 20 na nimeshuhudia mabadilishano mengi ya aina hii, lakini hili nimelifuatilia kwa karibu tangu siku hiyo hadi mwisho wa Julai, nikiwa na risiti zake zote na daftari lake la mafuta. Ninaliandika kwa sababu vijana wengi wa jiji hili wanawaza jambo hilohilo, na onyo wanalopewa kila siku, kwamba gari la spoti linakunywa mafuta, linagusa sehemu ndogo kabisa ya tatizo lenyewe.

Kwanza nimtendee haki. Mpwa wangu hakuitaka Celica ili aonekane mbele ya watu. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka 15 kwenye Hilux ya marehemu baba yake, gari la kazi lenye gia za mkono, na tangu hapo hakuwahi kulipenda gari linaloamua lenyewe lini libadili gia. IST ilimfikisha kazini kwa miaka minne bila kumlaza njiani hata mara moja, naye aliitunza vizuri, lakini hakuna siku aliyoingia ndani yake kwa furaha. Mtu anayekaa kwenye usukani saa tatu kila siku ya kazi ana haki ya kutaka gari analolipenda, na sitakubaliana na anayesema kwamba hamu hiyo peke yake ni upumbavu. Makosa ya kisa hiki yapo kwingine, na karibu yote yangeepukika bila yeye kuikosa Celica.

Hesabu iliyomshawishi ilikuwa nyepesi mno. IST yake, namba D (yaani herufi za usajili wake zinaanza na D), injini ya cc 1,300, ilikuwa imeshapata wateja wawili waliofika shilingi milioni 11. Celica ilikuwa ikitajwa milioni 12 na nusu. Kwa hiyo tofauti ni milioni moja na nusu, unaongeza, mnabadilishana funguo, kila mtu anarudi kwake. Kwa macho ya haraka hapo hakuna aliyepunjwa. Lakini bei inayotajwa na mwenye gari si sawa na fedha ambayo sokoni ipo tayari kulipwa. IST hapa Dar es Salaam ni kama fedha taslimu: inatafutwa na anayeanza maisha, inatafutwa na anayetaka gari la kubebea abiria wa kuitana kwa simu, inatafutwa na mama anayepeleka watoto shule, na ukiitangaza asubuhi kwa bei ya haki, jioni unakuwa na mtu anayezunguka kuangalia matairi. Celica humsubiri mnunuzi mmoja. Huyo mnunuzi yupo, lakini anaweza kuja kesho au baada ya miezi minane, na mwenye Celica alilijua hilo vizuri kwa sababu, kama dalali alivyokuja kukiri baadaye, gari lilikuwa limetangazwa tangu Septemba ya mwaka uliotangulia bila mtu kuweka hata arubuni.

Hapo ndipo ninapoliona kosa la kwanza na kubwa kuliko yote. Katika mabadilishano yale, mwenye gari linalouzika kesho alikuwa akimwokoa mwenye gari lisilouzika, na bado ndiye aliyeongeza fedha. Kama angeiuza IST kwa mmoja wa wale wateja wawili, akakaa na milioni 11 mkononi, kisha akarudi kwa mwenye Celica kama mnunuzi wa fedha taslimu na si kama mtu wa kubadilishana, mazungumzo yangeanzia mahali pengine kabisa. Gari lililokaa miezi sita bila arubuni halina bei ya milioni 12 na nusu, na naamini kwa dhati kwamba milioni 9 na nusu zilizohesabiwa mezani zingetosha.

Ni vizuri pia kueleza kwa nini magari haya yaliyopo mjini ni machache na yamechoka. Celica ilikoma kutengenezwa mwaka 2006, kwa hiyo kila inayoagizwa leo kutoka Japani imeshapita miaka 10, na gari dogo la umri huo hutozwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, nyongeza ya ushuru wa bidhaa ya asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Wachache sana hukubali kulipa hivyo kwa gari la milango miwili la zaidi ya miaka 18. Matokeo yake ni kwamba Celica zilizopo zinazunguka mkononi, kutoka kijana hadi kijana, na kila anayeipata huifurahia mwaka mmoja, huahirisha matengenezo, kisha huitafutia mwingine.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. SS-II ina injini iitwayo 2ZZ-GE, lita 1.8, ambayo kwa magari ya soko la Japani ilitoa nguvu za farasi 190. Nguvu hizo zina siri yake. Kamshafti, ile shafti inayozunguka na kufungua valvu, kwa injini hii ina nundu za aina mbili: ndogo za mwendo wa kawaida na kubwa za mwendo wa juu. Injini ikishapata moto na ikafika mizunguko karibu 6,200 kwa dakika, shinikizo la oili husukuma kipini kidogo ndani ya roka, yaani mkono mdogo ulio kati ya nundu na valvu, na kuanzia hapo nundu kubwa ndizo zinazofungua valvu, kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Sauti hubadilika papo hapo, gari nalo likavuta kana kwamba limeshushwa mzigo. Chini ya mizunguko hiyo ni injini ya kawaida, tulivu, isiyo na tofauti kubwa na ile ya Corolla ya lita 1.8. Sehemu yote ambayo mtu analipia anaponunua SS-II badala ya Celica ya kawaida ipo juu ya 6,200.

Nikamuuliza, "Umeiendesha mpaka elfu sita na zaidi kabla ya kukabidhiana?"

"Hapana, mjomba. Palikuwa na foleni, tulizunguka tu mpaka makutano ya Morocco hapo Kinondoni tukarudi."

Tulitoka naye alfajiri iliyofuata, barabara ikiwa tupu. Katika gia ya pili gari hili hufika mizunguko hiyo likiwa kwenye kilomita 75 hadi 80 kwa saa, kwa hiyo hakuna haja ya kuvunja sheria ili kulipima. Anayeogopa hata hiyo anaweza kulipima kwa gia ya kwanza, karibu na kilomita 50. Tulisubiri mshale wa joto utulie katikati, akakanyaga. Elfu tano, elfu sita, elfu sita na nusu. Hakuna kilichotokea. Sauti iliendelea kuwa ileile, na kuanzia hapo gari lilizidi kuishiwa badala ya kuvuta. Alikanyaga mara ya pili, na ya tatu, kisha akaliegesha pembeni na kukaa kimya mikono ikiwa kwenye usukani. Nilimwonea huruma sana.

Ugonjwa huu unajulikana. Katika injini za 2ZZ za miaka ya mwanzo, bolti zinazoshika shafti za roka na kupitisha oili kwenda kwenye vipini zilikuwa dhaifu, na Toyota walikuja kuziboresha. Ikikatika moja, upande huo unakosa shinikizo na nundu kubwa hazifanyi kazi tena, ingawa injini inaendelea kuunguruma vizuri mjini, na dereva anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Tulipofungua kifuniko cha valvu tuliikuta bolti ya upande wa valvu za kuingiza imekatika kichwa, kichwa chenyewe kimelala kwenye oili nyeusi kama lami. Nilifarijika, kwa sababu hilo ndilo tatizo dogo kati ya yale niliyokuwa nikiyahofia. Ukuta wa silinda wa injini hii umetengenezwa kwa mchanganyiko maalumu ndani ya bloku ya alumini, na hauchongwi kuongezwa saizi kama tulivyozoea kufanya kwenye injini nyingine za Toyota. Silinda zikikwaruzika, unatafuta injini nyingine. Aliyekuwa nalo alikuwa akibadili oili anapokumbuka, na kwa gari hili hiyo ni hatari kuliko mwendo kasi.

Klachi ilikuwa na kisa chake. Muuzaji alisema ni mpya. Kuna kipimo kisichohitaji vifaa: gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa hadi mwisho, unaweka gia ya tatu, unaongeza mafuta kidogo, unaachia klachi polepole. Klachi nzima inaizima injini hapohapo. Hii iliendelea kunguruma kwa takriban sekunde tatu kabla ya kuzimika, na harufu ya sahani iliyoungua ikatufikia ndani. Kipimo hicho kinachukua nusu dakika, na kingeweza kufanyika palepale kituoni, mbele ya muuzaji, kabla ya funguo kubadilisha mikono. Gia ya pili nayo ilikuwa ikikwaruza asubuhi kabla giaboksi haijapata joto. Hiyo tumeiacha ilivyo.

Nataka kukaa kidogo kwenye karatasi, kwa kuwa hapo mpwa wangu alikuwa katika hatari kubwa kuliko kwenye klachi. Waliandikishana mkataba mmoja wa kubadilishana, ukurasa mmoja wa mkono, bila wakili. Kadi ya Celica haikuwa na jina la aliyemkabidhi gari. Ilikuwa na jina la mtu wa mikono miwili nyuma, ambaye hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu. Upande wa pili, IST iliondoka na kadi yenye jina la mpwa wangu, ikaingizwa kwenye kazi ya kubeba abiria wiki hiyohiyo. Kwa lugha ya wazi, kwa muda wote huo alikuwa anaendesha gari ambalo kwa karatasi si lake, na gari ambalo kwa karatasi ni lake lilikuwa barabarani usiku na mchana likiendeshwa na mtu asiyemjua. Namba ya Celica ilipoangaliwa kwenye mfumo wa faini za barabarani ilikutwa na makosa matano yasiyolipwa, shilingi 30,000 kila moja. Faini hufuata namba ya gari, wala haziulizi aliyekuwa akiendesha ni nani. Kuangalia deni kunafanyika kwa simu, bure, na hakuna kisingizio cha kutofanya hivyo. Bima ndogo aliyokuwa ameilipia IST mwezi Januari ilibaki na IST. Alilazimika kukata nyingine ya shilingi 118,000, ambayo humlipa mtu utakayemgonga na si gari lako mwenyewe.

Mabadilishano ya gari kwa gari ni mauzo mawili, na kila moja lilitakiwa kuwa na mkataba wake mbele ya wakili, nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi (TIN) za pande zote, na maombi ya kuhamisha umiliki TRA kabla ya gari kuondoka. Hapa ilituchukua hadi Julai. Mwenye jina kwenye kadi tulimpata Morogoro, mzee mwungwana kabisa, aliyekuja mwenyewe kwa basi kusaini na kukataa kupokea zaidi ya nauli yake. Angekuwa ameshafariki, tungekuwa mahakamani tukiwatafuta wasimamizi wa mirathi.

Gari linapobadilika, nyumba nzima inabadilika pamoja nalo, na jambo hili halikuingizwa kwenye hesabu hata kidogo. Mke wake alijifunza kuendesha kwenye gari la otomatiki na hajawahi kukanyaga klachi. IST ilinunuliwa kwa sehemu na fedha za kikoba chake, zaidi ya milioni mbili, na tangu Machi hawezi kuiendesha iliyokuja badala yake. Alijua habari za mabadilishano usiku uleule, gari likiwa limeshaegeshwa getini. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa zito kuliko bolti na klachi zote, na nilimwambia mpwa wangu hivyo ana kwa ana. Ameshamwomba radhi mkewe, na wamekubaliana kwamba zile milioni mbili ni deni lake.

Kisha kuna mama yake, yaani dada yangu, anayeishi Mbagala na kuhudhuria kliniki ya magoti kila mwezi. Mara ya kwanza alipofuatwa na Celica, mjukuu alikuwa ameshakaa mbele, kwa hiyo ikabidi bibi aingie nyuma. Kiti cha mbele kikalazwa, akashika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na bega la mwanawe kwa mwingine, akainama, akaingiza mguu mmoja, goti likagoma. Akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje, akipumua kwa shida. "Mwanangu, niache nipande bajaji," akasema. Tangu siku hiyo anakwenda kwa bajaji.

Kuhusu mafuta, daftari linasema hivi. Kutoka Goba hadi ofisini Posta na kurudi, pamoja na mizunguko midogo, anatembea karibu kilomita 1,000 kwa mwezi. IST ilikuwa ikimpa kilomita 11 kwa lita katika foleni za Mwenge na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Celica inampa 8. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni takriban shilingi 102,000 kwa mwezi. Si kidogo kwa mwenye mshahara, lakini inajulikana mapema na inapangika.

Kinachoumiza ni kile kisichopangika. Njia ya kuingia kwake kutoka barabara ya lami ni ya udongo, ina matuta mawili yaliyojengwa na wakazi wenyewe, na masika huchimba mfereji katikati. IST ilikuwa ikipita hapo kila siku. Celica ilipasua bampa la mbele wiki ya pili ya Aprili. Bampa la IST unalipata Gerezani kabla hujamaliza kuuliza, la rangi unayoitaka. Bampa la Celica lilitafutwa siku tisa, hadi Mtaa wa Shaurimoyo, likapatikana moja la rangi tofauti kwa shilingi 380,000. Spea za injini kwa kweli si tatizo kama watu wanavyodhani, kwa kuwa 2ZZ hiyohiyo iliwekwa pia kwenye Corolla Runx na Fielder za daraja la Z, na fundi anayeijua 1ZZ, ile injini ya kawaida ya Corolla ya lita 1.8, hapotei ndani yake. Shida ipo kwenye bodi: taa, vioo, milango mirefu ile miwili, mabampa. Kabla ya kununua gari la aina hii, ningemshauri mtu aende kwanza madukani kuulizia taa ya mbele na bampa, siku moja tu, kisha aamue.

Kufikia Julai alikuwa ametumia shilingi 600,000 kwa klachi na ufundi wake, 640,000 kwa matairi manne kwa sababu yaliyokuwepo yalikuwa na ufa pembeni, 380,000 kwa bampa, 150,000 kwa faini za wengine, na 220,000 kwa bolti, oili na kazi ya kichwa cha injini. Jumla ni shilingi 1,990,000, mbali na ile milioni moja na nusu ya kuongeza, bima, na gharama za kuhamisha umiliki. Ukiiweka hesabu hiyo kando ya ile niliyoitaja mwanzo, ya kuiuza IST kwa milioni 11 na kuinunua Celica kwa 9 na nusu, utaona kwamba milioni moja na nusu ambayo ingebaki mfukoni ingebeba robo tatu ya matengenezo yote, na milioni moja na nusu nyingine isingetoka kabisa. Gari lingekuwa lilelile, na bolti yake imekatika vilevile.

Nilimuuliza mwezi Juni kama anataka nimtafutie mteja. Akafikiri kwa muda, akasema hapana. Sikumshinikiza. Kuliuza wakati ule, likiwa na kadi isiyo na jina lake na nusu ya matengenezo, kungekuwa kumpa mtu mwingine faida ya fedha zilizokwisha kutoka.

Umiliki wa magari yote mawili ulikamilika wiki ya tatu ya Julai. Jumapili iliyofuata alinipitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukatoka kwa njia ya Mbezi hadi Barabara ya Morogoro, pale ilipopanuliwa kuelekea Kibaha. Oili mpya ya 5W-30, bolti mpya, mshale wa joto katikati. Katika gia ya pili akakanyaga, na ilipopita elfu sita sauti ikabadilika ghafla, ikapanda na kuwa kali, migongo yetu ikaegemea viti. Mara akaingiza ya tatu, akaachia mafuta, akarudi kwenye mwendo wa kawaida. Alirudia mara mbili tu. Tuligeuzia Kibamba, tukasimama kujaza mafuta, na hapo kituoni akafungua daftari juu ya boneti akaandika: lita 22, kilomita 178, na mstari wa chini yake, Alhamisi, kliniki ya Mama, bajaji kwenda na kurudi.